Dawa ya kumtuliza: ilikotoka, na namna ilivyowafikia watu wasio na wazimu

Kalembe iko pale ambapo Masisi inaishia na Walikale inaanza, kwenye barabara inayotoka Mweso kwenda Pinga. Ni mahali padogo, lakini anayetaka kuingia Walikale kutoka upande huo lazima apite hapo, na ndiyo sababu vita vimepita Kalembe mara nyingi kuliko wakaaji wanavyoweza kuhesabu. Tarehe 20 Oktoba 2024 waasi wa M23 waliingia. Muda mfupi baadaye jeshi na Wazalendo wakarudi. Wakati hayo yakiendelea watu walikuwa njiani au porini, na aliyebahatika alikuwa na godoro, sufuria na kadi yake ya uchaguzi.

Familia nyingine zilitoka na mtu mzima ambaye huwezi kumwambia "tunakimbia" akaelewa. Ana miaka ishirini na mitano, au thelathini. Ana nguvu za mtu mzima. Ila mambo anayaelewa polepole, kwa maneno machache, na mengine hayaelewi kabisa. Kule nyumbani alijua njia ya kwenda kwenye maji, alijua jembe lake ni lipi, alijua sauti ya mama yake asubuhi. Mtoe hapo usiku katikati ya milio ya risasi, umlaze chini ya turubai na watu asiowajua, naye atalia, atapiga, atajiuma mkono, atatoroka. Siku ya tatu au ya nne majirani wa hema wanauliza lile swali ambalo kila mama wa mtu kama huyo amelisikia: hakuna dawa ya kumtuliza?

Dawa ipo. Iko katika vituo vya afya, iko katika farmasi za barabarani, na wakati mwingine inauzwa bila karatasi ya daktari. Kinachosahaulika ni kwamba dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine mwenye ugonjwa mwingine, na kwamba nchi tajiri zilizoitumia kuwanyamazisha watu wa namna hii kwa miaka zaidi ya sitini sasa zinahangaika kuiondoa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani hutupwa katika kapu moja. Ulemavu wa akili ni hali ambayo mtu amezaliwa nayo au imempata utotoni, akili ikachelewa kukomaa. Wazimu ni ugonjwa: mtu alikuwa mzima, alisoma, alioa, kisha siku moja akaanza kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba redio inamsema yeye. Kifafa nacho ni kitu cha tatu, ni mshtuko wa ubongo unaomwangusha mtu chini. Mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya hayo, hata yote matatu. Kifafa hasa hupenda kuandamana na ulemavu wa akili, kwa sababu mara nyingi jeraha la ubongo lililoleta kimoja ndilo lililoleta na kingine. Lakini dawa za vitu hivyo hazifanani. Na ulemavu wa akili wenyewe hauna kidonge.

Una sababu, hata hivyo, na nyingine zingeweza kuzuiwa. Mama anayekaa na uchungu siku mbili kwa sababu barabara imefungwa anaweza kuzaa mtoto aliyekosa hewa. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwacha mtoto akiwa hai lakini si yule wa zamani. Homa ya uti wa mgongo vilevile. Kisha kuna sababu moja ambayo Kivu imeifundisha dunia nzima.

Katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, madaktari wa Ubelgiji walikuta watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa koo, na pamoja nao watoto waliokuwa wakikua wafupi, wengine viziwi, wengine wenye akili iliyodumaa tangu tumboni. Sababu iliyojulikana tayari ilikuwa upungufu wa madini ya ayodini. Ila Idjwi ilikuwa na fumbo. Sehemu za kisiwa zilikuwa na ayodini kidogo kwa kiwango kilekile, lakini rovu lilikuwa jingi upande wa kaskazini na dogo kusini-magharibi. Mwaka 1971 watafiti François Delange na André Ermans walichapisha jibu lao: muhogo. Muhogo ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri una sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia tezi ya koo kutumia hata hiyo ayodini kidogo iliyopo. Watu walikuwa wakila chakula chao cha kila siku, na chakula hicho kikawa kinawaongezea shida.

Jibu la Idjwi halikuwa kidonge cha kutuliza. Lilikuwa chumvi yenye ayodini, mafuta ya ayodini kwa sindano pale chumvi haikufika, na muhogo uliotayarishwa kwa subira. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye ayodini ilienea nchini. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo katika vilima vya Kivu, akiwa na akili iliyochelewa, pengine anabeba alama ya chumvi ambayo mama yake hakuipata. Majirani wanaosema amerogwa wangefaa kusikia hilo.

Sasa turudi kwenye dawa. Kabla ya dawa kulikuwa na kuta. Huko Afrika Mashariki Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, katika milima ya Usambara, na mwaka 1910 Waingereza walifungua yao Nairobi, ile ambayo tangu 1924 inaitwa Mathari. Nyumba za namna hiyo zilimpokea aliyeletwa na polisi au chifu, awe mwenye wazimu, mwenye kifafa, au mtu aliyezaliwa hivyo tu na asiye na wa kumtunza. Tiba ilikuwa chache sana. Mlango ulifungwa, basi.

Dawa ya kwanza ya maana katika hadithi hii ni ya kifafa. Mwaka 1912 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza fenobabitali kwa jina la Luminal, kama dawa ya usingizi. Mwaka huohuo daktari kijana, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa ili walale, akaona kwamba kuanguka kumepungua. Kivu inaijua dawa hiyo kwa jina la Kifaransa, Gardenal. Imepita miaka zaidi ya mia moja na bado ndiyo inayopatikana vijijini, kwa sababu ni ya bei nafuu na mtu anaweza kuinywa mara moja kwa siku.

Dawa ya wazimu ilikuja miaka arobaini baadaye, Paris. Daktari wa jeshi Henri Laborit alikuwa akitafuta kitu cha kumtayarisha mgonjwa kwa upasuaji. Alipotumia dawa mpya ya kampuni ya Rhône-Poulenc aliona jambo la ajabu: mgonjwa hakulala, lakini hakujali tena. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa wazimu katika hospitali ya Sainte-Anne. Watu waliokuwa wakipiga kelele na kufungwa kamba walianza kukaa, kula, kuzungumza. Dawa ni klopromazini, na jina lake la dukani likawa Largactil. Hakuna haja ya kuidharau. Kwa mtu mwenye wazimu wa kweli ilikuwa mlango uliofunguka, na mpaka leo wako akina baba na akina mama wanaolima mashamba yao kwa sababu ya dawa za ukoo huo.

Ya pili katika ukoo huo ilitoka Ubelgiji kwenyewe, nchi iliyokuwa bado inaitawala Kongo. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen ilitengeneza haloperidoli, Haldol, na madaktari wa Liège wakawa wa kwanza kuijaribu kwa wagonjwa. Ni maabara hiyohiyo ambayo baadaye ilileta mebendazoli, dawa ya minyoo ambayo mtoto wa Masisi anaijua kuliko jina la waziri. Haldol ilikuwa na nguvu katika tone dogo, haikumlaza mtu sana kama Largactil, na ilikuwa rahisi kusafirisha. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, klopromazini na haloperidoli zote mbili zilikuwemo. Hivyo ndivyo zilivyopata njia mpaka kwenye kabati la hospitali ya mashambani.

Mpaka hapo hadithi ni nzuri. Ubaya ulianza kwa sababu ya hesabu ya wafanyakazi.

Ulaya na Marekani wakati huo ziliwaweka watu wenye ulemavu wa akili katika majengo makubwa, mia kadhaa pamoja, wakati mwingine elfu na zaidi. Wodi moja ilikuwa na vitanda vinavyogusana, kelele mchana na usiku, na wauguzi wawili au watatu. Mtu asiye na kazi, asiye na nafasi, asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma, atapiga ukuta kwa kichwa. Sasa kulikuwa na kidonge. Kidonge hakiombi mshahara na hakichoki usiku. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1970 ulikuta kwamba karibu nusu ya watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa katika majengo hayo walikuwa wakipewa dawa za akili. Wengi wao hawakuwa na wazimu. Mojawapo ya dawa zilizopendwa sana kwao, Melleril, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2005 kwa sababu ilikuwa hatari kwa moyo, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya matumizi.

Na madhara yake? Mtu mwenye akili timamu anayepewa Haldol anaweza kusema, "Daktari, shingo yangu inajipinda," au "Siwezi kukaa, miguu inanichoma." Mtu asiye na maneno hawezi. Dawa hizi hukakamaza mwili, hutetemesha mikono, humfanya mtu adondoshe mate na atembee kama ubao. Hufunga choo. Zikitumika miaka mingi, ulimi na midomo huanza kuchezacheza yenyewe, na wakati mwingine haiachi hata dawa ikiachwa. Lakini kubwa kuliko yote ni ile hali ya kukosa utulivu: mtu anatembea huku na huku, anasimama, anakaa, anasimama tena, anapiga. Anayemtazama anasema dawa haitoshi. Anaongezewa. Dawa iliyoleta fujo inaongezwa ili kuzima fujo iliyoileta yenyewe.

Kwa mwenye kifafa kuna jambo jingine. Dawa za ukoo huu, Largactil hasa, hushusha ule ukingo unaouzuia ubongo usishtuke, kwa hiyo kuanguka kunaweza kuongezeka. Gardenal nayo ina upande wake mbaya: baadhi ya watu, hasa wenye ulemavu wa akili, huwa wakali na wasiotulia wakiinywa. Basi fikiria kijana wa Kivu mwenye yote mawili. Anapewa Gardenal kwa kifafa, anakuwa mkali, anapewa Largactil kwa ukali, anaanguka zaidi, Gardenal inaongezwa. Kila mtu katika mnyororo huo ana nia njema.

Ilichukua muda mrefu mtu kuuliza swali rahisi: je, dawa hizi kweli hupunguza hasira za mtu mwenye ulemavu wa akili asiye na wazimu? Jibu lilitolewa Januari 2008 katika jarida la Lancet, na kundi lililoongozwa na Peter Tyrer wa London. Walichukua watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili na tabia ya kupiga, huko Uingereza, Wales na Queensland ya Australia. Wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu matatu: wengine haloperidoli, wengine risperidoni, ambayo ni dawa mpya zaidi kutoka maabara ileile ya Janssen, na wengine kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Baada ya wiki nne hasira zilikuwa zimepungua katika mafungu yote matatu. Zilipungua zaidi katika fungu la kidonge kitupu.

Tusilipite hilo haraka. Watu waliopewa kidonge kitupu hawakupona kwa uchawi. Katika wiki hizo kila mmoja wao aliangaliwa, aliulizwa habari zake, alifuatiliwa, na walezi wake walijua kwamba kuna kitu kinafanyika. Wengine pengine fujo zao zingepita zenyewe. Watafiti walisema wazi kwamba dawa hizo zisiendelee kuhesabiwa kuwa tiba ya kawaida ya hasira kwa watu hawa.

Mazoea hayafi kwa makala moja. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliopitia karatasi za watu wazima zaidi ya 33,000 wenye ulemavu wa akili, ulikuta kwamba kati ya waliopewa dawa za wazimu, 71 katika kila 100 hawakuwa wameandikiwa popote kwamba wana ugonjwa mkubwa wa akili. Mwaka huohuo idara ya afya ya umma ya nchi hiyo ilikadiria kwamba kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili wanakunywa dawa za akili bila sababu ya kitabibu inayoeleweka. Mwaka 2016 ikaanzishwa kampeni inayoitwa STOMP ya kuzipunguza, polepole, mtu mmoja mmoja, chini ya macho ya daktari.

Mwaka huo wa kampeni kijana wa Kiingereza wa miaka 18, Oliver McGowan, aliingia hospitali kwa sababu ya kifafa. Alikuwa na usonji na ulemavu mdogo wa akili. Yeye na wazazi wake walisema wazi kwamba asipewe dawa za wazimu, kwa sababu zilikuwa zimemdhuru hapo awali. Alipewa. Mwili ukapanda joto, ubongo ukaharibika, akafa Novemba 2016. Leo mafunzo ambayo wafanyakazi wa afya wa Uingereza wanatakiwa kupata kuhusu ulemavu wa akili na usonji yana jina lake, na msingi wa mafunzo hayo uko katika sheria ya mwaka 2022. Mama yake ndiye aliyeyapigania.

Na huku kwetu, upande wa Maziwa Makuu? Huku shida ilikuwa kinyume: dawa chache, daktari wa akili hakuna. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Ndugu wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Walifungua hospitali ya Ndera karibu na Kigali mwaka 1972. Mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma na Bukavu, walianzisha kituo cha SOSAME huko Bukavu. Goma ina kituo chao kiitwacho Tulizo Letu, na jina hilo linajieleza lenyewe. Kutoka Kalembe mpaka Goma, hata wakati wa amani, ni safari ya vilima na matope. Wakati wa vita ni safari ya vizuizi na pesa za kupita. Kwa hiyo mgonjwa wa Kalembe huanza kwingine: kwenye chumba cha maombi, kwa mfumu, au kwa muuguzi wa kituo cha karibu ambaye alijifunza kuzalisha na kutibu malaria na sasa anaambiwa atibu na hili.

Inawezekana kumfundisha muuguzi huyo. Upande wa kaskazini wa jimbo hilihili, Lubero, kati ya 2011 na 2015 huduma za akili ziliingizwa katika vituo vya kawaida vya afya, na wagonjwa kwa maelfu wakazitumia bila kwenda mjini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo mfupi kwa wauguzi na madaktari wanaofanya kazi katika dharura, ambako hakuna mtaalamu. Ulemavu wa akili una sehemu yake humo, mbali na sehemu ya wazimu na mbali na ya kifafa. Kutenganisha huko peke yake ni kazi kubwa. Muuguzi anayefungua ukurasa sahihi hatafuti Haldol kwanza. Anatafuta kama mtu anasikia, anaona, ana kifafa, ana maumivu, nani anamtunza, na kama huyo anayemtunza mwenyewe amelala usiku.

Maana tazama kambi ya wakimbizi wa ndani ilivyo. Watu wengi mahali padogo. Kelele usiku. Choo cha foleni. Hakuna shamba, hakuna jembe, hakuna kazi ya mikono. Mlezi mmoja, mara nyingi mama mzee, ambaye lazima aende kutafuta kuni au kibarua. Ni ile wodi ya Ulaya ya miaka ya 1960, imejengwa upya kwa turubai. Kwa hiyo si ajabu kwamba jibu lilelile linarudi. Jirani anayeuliza dawa hana roho mbaya. Naye amelala vibaya wiki tatu, na ana watoto wadogo.

Familia zilizopitia njia hiyo zinajua mambo ambayo hayamo katika boksi la dawa. Mtu aliyeanza kupiga ghafla mara nyingi ana kitu kinachouma: jino, sikio, choo kilichofunga, kidonda ndani ya kiatu, kuhara, njaa tu. Mwanamke aliyebadilika ghafla, akaogopa mtu fulani au akakataa kuvuliwa nguo, huenda ametendewa vibaya, na katika vita hivi wanawake wenye ulemavu wa akili ni rahisi kuwindwa kwa sababu hawasemi. Kumpa huyo kidonge cha kumtuliza ni kuufunga mdomo ambao tayari hauna maneno. Wengine hutulia wakipewa kazi ileile waliyoijua nyumbani: kuteka maji, kuchambua maharagwe, kubeba mtoto. Wengine hutulia wakiwekwa pembeni ya kambi badala ya katikati. Mambo hayo hayana bei, lakini yanahitaji mtu wa kuyafanya, na mtu huyo ndiye aliyekosekana tangu mwanzo wa hadithi hii.

Haimaanishi kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kupata wazimu. Anaweza, kama mtu mwingine yeyote, pia huzuni kubwa na hofu ya vita. Akisikia sauti, akiacha kula na kulala kwa wiki nyingi, akiwa tofauti kabisa na alivyokuwa siku zote, dawa inaweza kuwa haki yake. Ila anayeiandika anatakiwa kusema inatibu nini, itaangaliwa tena lini, na itaachwa lini ikiwa haisaidii. Familia ina ruhusa ya kuuliza hayo matatu. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ilipata sheria yake yenyewe ya kuwalinda, Sheria namba 22/003. Ni watu wachache Masisi walioisoma, lakini ipo.

Kwa walio njiani sasa kuna hatari nyingine iliyo kinyume, na ndiyo inayoua haraka zaidi: dawa kukatika. Anayekunywa Gardenal kila siku, akiikosa ghafla kwa sababu kituo kimeporwa au begi limebaki nyuma, anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka kati ya anguko moja na jingine. Anguko linalopita dakika tano ni la kukimbizwa kituoni, si la kusubiri asubuhi. Wakati huo alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, asishikiliwe kwa nguvu. Dawa za wazimu pia haziachwi kwa siku moja, hata kama familia imesoma habari hizi na imekasirika. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyeziandika au mwenzake wa kituo kingine.

Muuguzi wa kituo kipya hawezi kujua mtu alikuwa akinywa nini kwa kuambiwa ni kidonge cheupe, maana karibu vyote ni vyeupe. Karatasi tupu ya vidonge, hata iliyochanika, ina jina na uzito wa dawa juu yake. Kipande cha boksi kinatosha. Kinakaa vizuri pamoja na kadi ya uchaguzi.